Jumatano za Kukandwa Miguu

Daktari aliponiambia kwamba uvimbe walioutoa kwenye utumbo wangu mpana ulikuwa saratani, nilimuuliza kama ninaruhusiwa kula nyama ya kuchoma. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Nilikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, mtu aliyezoea kuuliza maswali yenye kichwa na miguu, na hilo ndilo lililonitoka. Mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu na mkoba wake magotini, alinitazama kama nilivyozoea kumtazama mwanafunzi anayeaibisha shule mbele ya mkaguzi.

Tulirudi nyumbani Old Moshi tukiwa tumekubaliana kwamba habari hii itabaki ndani ya nyumba. Ilibaki mpaka kesho yake saa nne asubuhi. Mke wangu alimwambia dada yake tu. Dada yake alimwambia mzee wa kanisa tu, ili aombe. Mzee wa kanisa akaomba, ila aliomba kwa kipaza sauti.

Kuanzia Jumapili hiyo wageni walimiminika. Kila mmoja alikuja na chupa ya mtori, kwa hiyo nyumba ikanuka supu ya ndizi kutoka sebuleni hadi chumbani, na kila mmoja alikuja na habari ya mtu mwingine aliyewahi kuugua kama mimi. Jirani mmoja alikunywa chai vikombe viwili akinieleza kwa kirefu jinsi shemeji yake alivyopasuliwa palepale nilipopasuliwa.

"Sasa anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Alifariki," akasema. "Lakini alijitahidi sana."

Binamu yangu, ambaye hakuwa amekanyaga kwangu tangu harusi ya binti yangu, alikuja mara tatu katika wiki mbili. Kila alipomaliza chai alisema anakwenda kunyoosha miguu, na miguu yake ilinyookea kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba la ukoo, upande wa kahawa. Alitembea polepole, akigusa mimea ya masale iliyo mpakani, mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia watoto wa ndugu yake. Nilimwona kupitia dirishani, nikaamua kutokufa kwanza.

Nilipangiwa dawa za dripu kila baada ya wiki tatu. Baada ya dripu ya tatu, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nikikanyaga chini nilihisi kama nimevaa soksi zilizojaa mchanga. Jumapili moja niliingia kanisani nikiwa na kiatu kimoja. Cha pili kilichopoka njiani bila kunitaarifu, na nikatembea mpaka benchi la mbele kwa heshima zote nikiwa sijui. Mke wangu aligundua wakati wa wimbo wa pili. Alimaliza ubeti, kisha akatoka kwenda kukitafuta.

Muuguzi wa kliniki niliyemweleza habari hiyo alicheka, akaomba radhi, halafu akanipa kadi ya rangi ya waridi.

"Mwalimu, nenda Jumatano," akasema. "Kuna shirika la hisani linafadhili huduma za faraja kwa wagonjwa wa saratani. Wanakanda miguu, kuna mazoezi mepesi, kuna chai. Hulipi kitu."

"Mimi sihitaji faraja. Nahitaji miguu."

"Basi nenda kwa ajili ya miguu."

Ukumbi wenyewe ulikuwa mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlangoni palitundikwa bango lililoandikwa KARIBU SHUJAA. Nilisimama chini yake nikiwa na suti yangu ya kijivu na tai, nikimtafuta shujaa mwenyewe, mpaka binti mmoja mwenye beji shingoni alipokuja mbio.

"Shikamoo, shujaa!"

"Marahaba," nikasema. Katika miaka thelathini na tano ya ualimu sikuwahi kumpa mtu cheo kwa sababu ya kufika tu.

Huyo ndiye alikuwa mratibu. Aliniambia amefurahi kwamba nimeamua kuungana nao katika safari hii. Nilimweleza kwamba sijaanza safari yoyote, nimetoka Old Moshi tu. Akacheka kwa adabu, akanipa fulana. Fulana zote zilikuwa za waridi na zilishonwa kwa kiuno cha mwanamke, maana wagonjwa wengine wote ukumbini, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, walikuwa wanawake. Nikaivaa juu ya shati na tai. Ilinibana kifuani na kunipwaya pale nisipohitaji nafasi.

Kisha akanipa fomu. Ilikuwa na nyuso tano zilizochorwa kwa mstari, kuanzia uso unaolia machozi mpaka uso unaocheka mdomo wazi, nami nilitakiwa kuweka alama kwenye uso unaofanana na moyo wangu kabla ya huduma. Baada ya huduma ningepewa fomu nyingine kama hiyo.

Mama aliyeketi jirani yangu alinisogelea. Alikuwa mwanamke mnene wa Pasua aliyeuza viatu vya mitumba, na alikuwa ameondolewa titi la kushoto mwaka uliotangulia. Haya yote aliniambia kabla sijamaliza kutoa kalamu mfukoni.

"Mwalimu," alininong'oneza, "unaanza na huyu anayelia. Ukitoka unaweka huyu anayecheka. Ndivyo wanavyotaka."

"Lakini mimi silii."

"Kwani nani analia? Mimi nimelia kwenye karatasi wiki kumi sasa, na kila wiki napona saa sita mchana."

Niliweka alama kwenye uso wa katikati, usiocheka wala kulia. Niliona unafanana nami hasa.

Tulianza na mazoezi ya kicheko. Kijana mmoja mwenye misuli alisimama mbele yetu akatueleza kwamba kicheko ni dawa, na kwamba mwili hautofautishi kicheko cha kweli na cha kujilazimisha. Akatuamuru tuseme ha-ha-ha tukipiga makofi, halafu ho-ho-ho tukizunguka viti. Kina mama walizunguka kwa utii, nyuso zao zikiwa kama za watu wanaopanga foleni ya kulipia umeme. Mimi nilisema ho moja.

"Mzee wangu, toa kicheko kutoka tumboni!" akanihimiza. "Tumboni kabisa!"

"Tumboni kuna mshono," nikamjibu.

Mama wa viatu alipasuka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kilemba kikamteleza kikaonesha kichwa chake kilichonyonyoka nywele. Aliyemfuata naye akashikwa, halafu bibi mmoja wa Uru ambaye hakuwa amesikia nilichosema, na baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa unafuta machozi. Kijana aliandika kwenye daftari lake kwamba zoezi limefanikiwa.

Baada ya hapo ndipo ikaja miguu. Aliyekanda alikuwa dada wa makamo aliyewahi kufanya kazi saluni, kisha akafundishwa na watu wa hospitali jinsi ya kumgusa mgonjwa bila kumwumiza. Alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo na mafuta yenye harufu ya mchaichai. Nilivua soksi kwa aibu kubwa. Tangu mama yangu aniogeshe, hakuna mtu aliyewahi kunishika miguu, na mama yangu aliacha kuniogesha kabla sijaanza darasa la kwanza.

"Nikibonyeza hapa unasikia, mzee?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapo nasikia."

Aliendelea kukanda palepale, polepole, kwa dole gumba. Sikuwa najua kama mtu anaweza kuukumbuka mguu wake namna ile.

Wakati wa kutoka nikapewa fomu ya pili. Niliweka alama kwenye uso wa katikati. Mratibu aliitazama, akanitazama, akaketi kando yangu.

"Shujaa, hakuna mabadiliko hata kidogo?"

"Yapo. Miguu imepata nafuu sana. Sura iko vilevile."

"Huyu wa nne hapa, anayetabasamu kidogo tu, hafanani na wewe?"

"Binti yangu," nikamwambia, "nimesahihisha mitihani miaka thelathini na tano. Sijawahi kumwongezea mtu maksi, sembuse kujiongezea mwenyewe."

Alihema. Baadaye nilikuja kujua kwamba ripoti ya mradi ilitegemea nyuso zile, na kwamba mimi peke yangu nilikuwa naivuruga kila Jumatano.

Maana niliendelea kwenda. Nilimwambia mke wangu kwamba ni tiba ya mishipa, na ilikuwa kweli, ila sikufafanua. Alikuja kufafanuliwa na mwenzake wa umoja wa wanawake wa kanisani, aliyekuwa amepita dirishani pale ukumbini akitafuta misumari.

"Nasikia kila Jumatano unashikwashikwa miguu na wasichana mjini," mke wangu akasema, akiwa ameinamia ndizi anazomenya.

"Ni msichana mmoja. Na si msichana, ni mtu mzima."

"Jumatano hii tunakwenda wote."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe atakula nitakachomwachia."

Alikuja amevaa kitenge chake cha harusini, na uso wa mkaguzi. Mratibu alimpokea kwa furaha, akamweleza kwamba wanaouguza nao wana nafasi yao. Mke wangu akasema yeye haumwi. Dada wa miguu, ambaye nadhani alishaona wake wengi wa namna hiyo, akamwambia, "Basi kaa tu, mama, nikuoneshe ninachomfanyia baba, ili ukaendelee nyumbani."

Kwa ajili ya ukaguzi, akakaa. Akatoa viatu. Visigino vya mke wangu vilikuwa na magaga yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi, nami nilivitazama kama naviona kwa mara ya kwanza. Aliuliza mafuta yale ni ya nini. Aliuliza maji yamechemshwa au yamepashwa tu. Aliuliza kwa nini anaanzia kisigino na si vidole. Dada akajibu yote kwa upole, mikono ikiendelea. Alipohamia mguu wa pili, maswali yalikatika.

Mke wangu alikuwa amelala. Kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi, mkoba umemteleza magotini, na alikuwa anakoroma mkoromo mzito wa mtu aliyebeba magunia. Hakuna aliyecheka. Mama wa viatu alijinyanyua, akauokota mkoba, akaushika yeye.

Nilikuwa nimeugua miezi mitano kufikia siku hiyo. Miezi yote mitano watu waliniuliza nalalaje, nami niliwajibu kwa maelezo marefu. Sikuwa nimewahi kumwuliza mwenzangu swali hilo hata mara moja. Nilijua anaamka kukamua, nilijua anaamka kunipa dawa, nilijua anashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Sikuwa nimeviunganisha nikaona kwamba ni mtu mmoja anayefanya yote hayo.

Alipoamka alijifuta mdomo, akasema, "Nilikuwa naomba."

Fomu ilipokuja, alitia alama kwenye uso unaocheka, kisha kwa kalamu yake akachora mwingine pembeni, mkubwa zaidi. Yeye hakuwa na msimamo wangu kuhusu maksi.

Kisha yakaja maandalizi ya wafadhili. Kumbe fedha za mafuta ya mchaichai, chai na fulana zilitokana na watu wa nchi za mbali ambao kila mwaka walipanda Mlima Kilimanjaro, ndugu na marafiki zao wakiwachangia kwa kila hatua. Mwaka huo walitaka kuja kutuona baada ya kushuka. Mratibu alitukalisha wiki mbili mfululizo kutufundisha namna ya kuonekana.

"Mtabasamu," akasema, "lakini msicheke sana. Waone kwamba mmefarijika, ila bado mna uhitaji."

"Tufarijike kiasi gani?" mama wa viatu akauliza. "Tuoneshe kwa mkono."

Mimi nilipewa kazi ya kutoa neno la shukrani. Niliandika kurasa nne, nikaanza na Mheshimiwa mgeni rasmi, nikapitia historia ya mlima, nikagusa upendo wa jirani, na nikamsomea ng'ombe kwa kuwa mke wangu alikataa kusikiliza mara ya tatu.

Siku yenyewe ilifika. Tulikuwa tumepangwa kwenye viti vizuri, waridi tupu, mabeseni miguuni petu, mpiga picha tayari. Gari likasimama nje. Wakashuka watu saba waliotoka mlimani jana yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatembea sawasawa. Walishuka ngazi za ukumbi kwa ubavu, wakishikana mabega na kung'ata meno. Kiongozi wao, baba mmoja mrefu aliyebabuka pua kwa jua, alikuwa anakanyaga kama sakafu ni makaa. Pembeni yangu nikasikia kina mama wakisema kwa pamoja, kutoka moyoni kabisa, "Jamani! Poleni!"

Bibi wa Uru, aliyekuwa na saratani ya kizazi na ambaye mwezi huo alikuwa ametoka kwenye mionzi, alinyanyuka kwenye kiti chake akamwonesha yule baba akae. Yule baba akakataa kwa mikono miwili, akieleza kwa lugha yake kwamba mgonjwa ni bibi, si yeye. Bibi hakuelewa hata neno. Akamshika mabega akamkalisha kama mjukuu.

Baada ya hapo mambo yakapinduka yenyewe. Kina mama wengine nao wakainuka. Wafadhili saba wakajikuta wamekaa kwenye viti saba vya faraja. Mama wa viatu alipiga goti, akamfungua mmoja wao kamba za buti, akaligeuza buti na kuangalia soli kwa jicho la mtu wa biashara.

"Mwambie hiki kinambana," akamwagiza mratibu. "Wakati wa kushuka vidole vinasogea mbele. Alitakiwa kuongeza namba moja. Aje kwangu Pasua."

Soksi ilipovuliwa, kucha mbili zilikuwa nyeusi. Dada wa miguu aliziona. Akamtazama mratibu, akazitazama tena, akavuta beseni.

"Hapana, hapana!" mratibu akasema, karibu kulia. "Hawa ndio wafadhili!"

"Si ndio walionunua mafuta?" mama wa viatu akajibu. "Waache wayapake."

Wakakandwa. Sisi tulisimama kando yao na vikombe vya chai, tukiwapa pole. Mpiga picha alizunguka akitafuta pembe ambayo mgonjwa ataonekana mgonjwa, akaikosa. Katikati ya kukandwa, dada mmoja kati ya wale wageni alianza kulia. Mratibu alisikiliza maneno yake kwa muda mrefu, kisha akatutafsiria kwa sauti ya chini, bila neno shujaa wala neno safari: mama yake alikufa kwa saratani ya matiti, yeye akiwa kazini mji mwingine, na hakuwahi kumshika miguu. Bibi wa Uru alimfuta uso kwa pindo la khanga yake, akampa kikombe chake mwenyewe alichokwisha kunywa nusu.

Wakaniita nitoe neno. Nilisimama na kurasa zangu nne. Mheshimiwa mgeni rasmi alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, miguu ndani ya beseni, macho ameyafumba.

"Poleni na mlima," nikasema. "Chai ipo ya kutosha." Nikakaa. Mke wangu anasema ndiyo hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kipeperushi cha mwaka huo kilipotoka, hakikuwa na picha hata moja ya siku ile. Kilikuwa na picha ya mwanamke nisiyemjua, upande mmoja ana huzuni, upande wa pili anatabasamu.

Miezi michache baadaye mama wa viatu aliacha kuja. Jumatano ya kwanza tulidhani ni biashara. Ya tatu, mimi na mke wangu tulikwenda Pasua. Tulimkuta amelala chumba cha mbele, katikati ya viroba vya viatu, amekonda mpaka pete yake ameivaa kwenye dole gumba. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Mke wangu alikaa chini, akafunua shuka upande wa miguu, akatoa kopo mkobani.

"Hayo si mafuta ya kukamulia?" mama wa viatu akauliza.

"Ni yenyewe. Chuchu za ng'ombe wangu hazina mpasuko hata mmoja."

"Mimi chuchu nimebakiwa na moja tu, haitakusumbua. We paka miguu."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye godoro, na alipoinua kichwa nilijua si kicheko tu. Aliipaka miguu ile kwa muda mrefu, akianzia kisigino. Mimi nilipanga viatu jozi kwa jozi, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tulikwenda mara nne. Alifariki kabla ya ile ya tano. Mazishini mratibu alikuja bila beji, akakaa chini na kina mama wa jikoni, akalia mpaka macho yakavimba. Siku zote nilikuwa nimemhesabu moyoni mwangu kuwa binti wa fomu tu. Nilisogea nikamwomba radhi, naye hakujua naomba radhi ya nini.

Mimi dripu zilikwisha. Kipimo cha mwisho hakikuonesha kitu, nami narudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Wageni walipungua haraka walipoona ninapalilia mwenyewe, na yule jirani alinipongeza kwa sauti ya mtu aliyeharibiwa hadithi. Binamu yangu ameacha kunyoosha miguu. Yangu imerudi, isipokuwa vidole viwili vya kushoto.

Sina sababu tena ya kwenda Jumatano, lakini mke wangu hajaacha. Yule dada wa miguu amemfundisha kazi, na sasa ana kiti chake na beseni lake. Siku hiyo mimi ndiye ninayekata majani na kulisha ng'ombe. Jioni anapanda kutoka mjini akinukia mchaichai, anavua viatu mlangoni, anakaa karibu na jiko, nami namwekea chai aanze kunisimulia nani alikuja na nani hakuja.